Kokwa la Mkoma na Kiu ya Chura

Wakaao mchangani husimulia kwamba Chura alikuwa na bustani karibu na bahari, na aliamini kila kiumbe kina kiu. Kanga, jirani yake, akampa kokwa la mkoma, mti wa jamii ya mnazi, apande. "Huu ni mti wa kwetu, jua haliuwezi. Ufukie, kisha usahau."

Chura hakusahau. Alimwagilia maji asubuhi na jioni, miezi mitatu mizima, na juu ya mchanga hapakuchomoza hata jani.

"Limekufa," akasema, ameduwaa.

Papo hapo Fuko akaibuka kutoka ardhini, amelowa chepechepe. "Nani anaoga juu ya chumba changu? Na mzizi wenu umetoboa dari, sasa umefika kitandani!"

"Mzizi wa nini, bwana? Hapa hapana mti."

"Huku chini upo, tena umenishinda urefu."

Chura akatazama juu, akatazama chini, akajikuna. Mti gani huota kwenda chini? Kisha akaruka kwa furaha. "Kumbe nimeupanda kichwachini!"

Akalifukua kokwa pamoja na mzizi wake, akaligeuza, akalifukia tena. Mzizi mweupe ukasimama juani, na Chura akawaita majirani waje waone mti ulivyorefuka kwa siku moja.

Siku ya tatu ukakauka.

Kanga alipofika akashika kichwa. "Chura, umefanya nini? Mkoma hutanguliza mzizi chini, jani huja baadaye!"

"Sikulaumu, jirani," Chura akamjibu kwa upole. "Ila ungeniambia mapema kwamba mti huu unataka maji zaidi."