Pini Nyuma ya Kiti

Mstari kwenye kioo cha kipimo cha nyaya alichoshika fundi ulikwenda shwari, kisha ukaruka ghafla. Hitilafu ilikuwa mita nne kutoka kwenye redio, pale waya wa antena unapopita nyuma ya kiti cha mzee.

Fundi alishangaa. Waya ule aliuweka mwenyewe juzijuzi tu, baada ya wa kwanza kufa vivi hivi.

“Umeona kitu, mwanangu?” mzee aliuliza kutoka jikoni. “Redio imenyamaza kabisa. Hata kukoroma haikoromi.”

“Bado natafuta, baba.”

Alipiga magoti, akaupapasa waya kwa kidole gumba, taratibu, kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Kitu kikamchoma. Ilikuwa pini ya kushonea, imezamishwa hadi kwenye shaba, kichwa chake kimekatwa kwa koleo ili isionekane.

Panya hawana koleo. Na ukutani, juu ya kiti, kulikuwa na picha ya mzee enzi za ujana wake, amening'inia kwenye mnara wa mawasiliano, nyaya begani.

Mzee aliingia na sinia yenye vikombe viwili. Alikuwa amevaa shati la kutokea, mikunjo ya pasi bado imesimama.

“Kaa kwanza,” alisema, bila kumtazama. “Chai isipoe.”

Fundi aliibana pini kwa kucha. Kuing'oa ni mara moja tu.

Akaisukuma ndani tena.

“Leo imenishinda, baba,” alisema, akivuta kiti. “Itabidi nirudi Jumamosi.”