Tano Hakamatiki

Jumanne jioni, kwenye mazoezi ya mpira wa Kimarekani, mabeki watatu walimrukia Tano kwa pamoja, wakaishia kukumbatiana wenyewe. Yeye alishavuka mstari wa mwisho kitambo, mpira kwapani.

"Rudieni!" Kocha Hargis alifoka, akainua kadi iliyochorwa mishale.

Tano akawekwa pembeni: akadaka, akapotea. Akawekwa katikati: akajifanya anakimbia, akaurusha mpira mwenyewe. Popote alipowekwa, waliambulia majani.

"We Tano!" Kordell, beki mwenye shingo ya fahali, alihema. "Jumamosi nakuvunja kiuno, baba!"

"Jumanne tu unaomba maji," wenzake wakamzomea.

Wiki nzima hakuna aliyemwita Tavaris. Alikuwa Tano uwanjani, Tano bafuni, Tano kwenye foleni ya chakula. Kuku wake wa kukaanga alimlia kwenye meza ya watu wanane, peke yake, na jezi nyekundu namba tano mgongoni. Meza ya jirani, jezi za buluu tupu, walikuwa wanacheka mpaka soda zinamwagika.

Alhamisi mama yake alipiga simu kutoka Mississippi.

"Tava, mwaka wa tatu huu uko chuoni. Jumamosi nitakuona kwenye televisheni?"

"Kocha anasema bila mimi hatushindi, mama."

"Weee! Basi naita kanisa zima. Dada Earline ataleta pai ya viazi vitamu. Unavaa namba ngapi, nisije nikamshangilia mtoto wa watu?"

Tavaris akaigeuza jezi, akaitazama namba.

"Hapa wananiita Tano."

Jumamosi walijaa watu elfu sitini. Tano alipopewa mpira mara ya kwanza, Kordell alikuwa ameshafika, kama mtu aliyetangulia kuambiwa. Akamlaza. Kulia, akamlaza. Katikati, wakamlalia wanne. Mara kumi na moja Tano alikula majani, na kila mara uwanja mzima uliimba.

Kipenga cha mwisho kilipolia, simu ya Tavaris ikaita. Nyuma ya mama sebule ilikuwa inavuma watu.

"Tava, Tano tumemwona. Lakini mwanangu, mbona yule ni wa timu ya wageni?"

Juu kabisa, kwenye viti vya wanafunzi, Tavaris alikata simu, akaendelea kumpigia Kordell makofi. Jumatatu alikuta jezi nyingine imetundikwa kwenye ndoano yake, ya njano, ishirini na mbili: namba ya yule mchezaji hatari wa timu inayokuja wiki ijayo, ambaye sasa ndiye wa kuigwa mazoezini.