Tundu Chini ya Kopo

Fundi Shemboza aliweka makopo mawili ya oili mbele ya Mhando. Moja lilikuwa na nembo ya kiwanda kilichounda gari, jingine la kampuni nyingine.

"Chagua mwenyewe. Injini hii ikifa tena, huna teksi."

"Weka ya nembo, fundi. Sitaki kubahatisha."

Shemboza akamimina yote. Mhando akaingia garini, akashika ufunguo. Fundi akachukua bisibisi atoboe kopo tupu, kama kawaida yake, matapeli wasije wakalijaza oili chafu na kuliuza tena. Akaligeuza. Chini palikuwa na tundu la bisibisi, la zamani, limezibwa kwa gundi.

"Niwashe, fundi?"

Shemboza alikuwa bado anaipapasa ile gundi kwa kidole gumba.