Supu ya Ghorofa ya Saba

Haya nilisimuliwa na Chin-lan, mfagiaji wa lile jengo la vioo karibu na stesheni ya Taichung, msimu wa joto wa mwaka juzi, tukimenya machipukizi ya mianzi. Na moto wa ugomvi wenyewe aliuwasha yeye.

Pao-chu alitia viganja viwili vya chumvi kwenye supu ya mbavu na figili, akaionja, akaitema. Kisha akaijaza ikitokota kwenye thamosi ya mumewe, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Jioni Wen-te akairudisha tupu. "Mke wangu, ya leo ilikuwa tamu kuliko ya jana."

Pao-chu akacheka kwa meno tu: aliyeinywa kweli asingeisifu.

Mwaka uliopita mume huyu alikuwa akirudi kutoka kazini amelowa jasho, analalama. Wakubwa wanabana umeme. Kipimajoto kinachoamuru mashine ya hewa baridi wamekipigilia kwenye nguzo, kivulini, na marufuku kukigusa. "Chenyewe kinaona baridi, basi mashine ya hewa inapumzika. Sisi wa dirishani tunaiva kama mandazi ya mvuke!"

Mwaka huu, kimya. Anarudi mkavu, anapiga mluzi.

"Shoga, mimi sipendi ugomvi wa watu," Chin-lan akamwambia Pao-chu sokoni, na macho yanamng'aa. "Lakini kila mchana anaibeba supu yako mpaka kwenye ile nguzo. Anaifunua mwenyewe, taratibu, utadhani anamwandalia malkia. Na pale nguzoni kakaa nani? Yule msichana mpya, Yi-ling. Mashavu kama pichi!"

"Anainywa?"

"Mwenzio nina ndoo na fagio, nitasimama nitazame vinywa vya watu?"

"Anavaaje?"

"Sweta! Na jua lote hili, mama, sweta la sufu. Kujidekeza tu."

Wivu ukampanda Pao-chu mpaka kooni. Supu ile yeye huiamkia alfajiri, huiengua mafuta kijiko kwa kijiko, kumbe anamnenepesha mtoto wa watu!

"Nikimkuta anainywa, Chin-lan, mimi na Wen-te hatulali tena pamoja. Naenda zangu kwa kaka yangu, kule Chiayi."

Begi akalifunga.

Kesho yake mchana akapanda ghorofa ya saba, ofisini kwa mumewe, na begi lake mkononi, jasho likimtiririka. Taa zilikwisha kuzimwa. Ilikuwa saa ya kupumzika baada ya chakula, kila mtu kalaza kichwa mezani. Akanyata katikati ya meza zile. Nywele za shingoni zikamsimama. Alidhani ni hasira.

Yi-ling alikuwa amelala pale nguzoni, kajifunika blanketi mpaka masikioni, mdomo wazi. Mbele yake kibweta chake mwenyewe cha wali, kimeliwa chote.

Supu ilikuwa juu ya kichwa chake, kwenye kirafu kilichobandikwa nguzoni kwa gundi, haina kifuniko, na mvuke wake wote ukipanda moja kwa moja kwenye kipimajoto.

Pao-chu akanyoosha mkono. Wen-te, meza ya pili, akafumbua jicho moja.

"Iache, mke wangu," akanong'ona. "Ikipoa hiyo, tunaiva sote."

Pao-chu akasimama pale mpaka jasho likamkauka. Kisha akavuta kiti, akaliweka begi mezani kando ya kichwa cha mumewe, akalifanya mto, akalala.