Kikokotoo cha Mwanaidi

Chande alimkuta Mwanaidi uani kwao, ameinamia beseni, anafua shati jeupe alilovaa siku ya usaili. Hakuinua macho.

"Wamekupigia," Mwanaidi alisema.

"Wamenipigia. Naanza Jumatatu, idara ya fedha."

"Hongera."

Nafasi ya mafunzo kazini ilikuwa moja, na waliiomba wote wawili: Mwanaidi aliyeongoza darasa, na Chande aliyerudia mitihani mpaka wahadhiri wakamzoea. Hata hiyo michache aliyofaulu, alikuwa amefundishwa na Mwanaidi kwenye ngazi za maktaba.

"Walikuuliza habari za alama zako?"

"Waliuliza."

"Ukajibuje?"

Chande alitazama povu. "Nikawaambia, aliyezoea kukosea huhakiki mara mbili."

Mwanaidi aliacha kufua. Maneno hayo yalikuwa yake; alimpa Chande mlangoni pa chumba cha usaili, walipokuwa wakisubiri kuitwa.

"Mimi waliniuliza kama nimewahi kushindwa," alisema. "Sikuwa na la kujibu."

Chande akatoa mfukoni kikokotoo alichoazimwa tangu mwaka wa kwanza, chenye jina la Mwanaidi lililokwaruzwa kwa pini mgongoni. Alimnyooshea. Mwanaidi hakujifuta povu mikononi.

"Kaa nacho tu. Utakihitaji kuliko mimi."

Alilikung'uta shati, akalianika kambani, akaingia ndani. Chande alibaki pale uani, akilisugua lile jina kwa kidole gumba, na shati jeupe likichuruzika maji kati yake na mlango.