Mrefu Aliyetoka kwa Mahasimu

Mgahawani, mkabala na chuo, mashabiki walikuwa wakimchambua mchezaji mpya mwenye umbo la jitu aliyehamia timu yao ya mpira wa kikapu kutoka kwa mahasimu.

"Mzito kama friji!" alicheka fundi bomba mmoja. "Na goti lenyewe bovu. Atatufaa nini?"

Simu yenye picha ya mchezaji huyo ilipomfikia Verna, shabiki mkongwe, aliikazia macho. Kovu lile la kidevuni alilijua. Huyu ndiye aliyelikwamua gari la Verna kwenye theluji mwaka jana, mjukuu wake akiwaka homa kwenye kiti cha nyuma, kisha akaenda zake bila kutaja jina.

"Vipi, bibi, umeona mzimu?" fundi bomba alimuuliza.

"Koma wewe!" Verna alifuta machozi. "Hata akikosa kila mpira, mimi nitasimama nimshangilie."

Mlango ukafunguka. Aliyeingia ilimbidi ainame.