Kanzu ya Nyange

Ile kanzu iliyokuwa ikipepea juu ya mnara wa taa wa Kigomasha, Silima aliijua. Aliishona yeye mwenyewe, na shingoni akaitia darizi ya uzi wa hariri. Pembeni mwake ilikuwapo kanga nyekundu, na hiyo pia aliijua.

Wale wawili waliegemea chuma cha ukingoni wakiitazama bahari. Nyange akanyoosha kidole kuonyesha kitu mbali huko, na Khairiya akacheka. Silima, pale chini, hakukisikia kicheko kwa upepo, lakini alikiona. Miaka saba hakupata kumwona Khairiya akicheka mpaka akashika kiuno.

Khairiya alitakiwa arudi baada ya siku tatu. Leo ilikuwa ya kumi na moja.

Siku ya tano Silima alijiambia labda gari la Konde limeharibika. Ya saba, labda mvua. Ya tisa alimkatia mteja suruali mguu mmoja mrefu kuliko mwenziwe. Leo alfajiri akaifunika cherehani yake pale Tibirinzi na kupanda gari la kwanza la kaskazini. Ulikuwa mwaka uliofuata uchaguzi wa kwanza, na abiria wote walibishana siasa isipokuwa yeye na bibi aliyekaa naye, Bimkubwa, aliyepakata pakacha la mihogo.

"Wenda kwa nani, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Kwa Nyange. Wa mnara wa taa."

"Ah, Nyange." Bibi akatabasamu. "Siku hizi hashikiki. Kila asubuhi wapita yeye na mwenziwe. Mara wako Chwaka kwenye makaburi ya kale, mara wamo msituni Ngezi watazama popo. Juzi n'liwakuta Vumawimbi. Mwanamke kavua makubadhi, akimbizana na mawimbi, na Nyange na guu lake lile yumo nyuma."

Silima aligeukia dirishani. Chwaka, Ngezi, Vumawimbi: majina hayo yalikuwa yake. Yeye ndiye aliyemwahidi Khairiya, kila mwaka, kwamba karafuu zikisha kuanikwa atampeleka kaskazini akaone. Karafuu zilianikwa mara saba. Khairiya akimkumbusha, hujibiwa kuwa bahari ya Chake nayo ni bahari, na makaburi yako kila mahali.

Tena angalau angekuwa mwanamume mwingine! Nyange alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, kafiwa na mke zamani, guu moja fupi, jicho moja chongo, na akizungumza humeza nusu ya maneno. Nani wa kumwonea wivu mtu huyo? Ndiyo maana Silima alimwamini. Yeye mwenyewe alimtoa huko Kigomasha, akamvisha kanzu mpya, akamkalisha barazani kwa wazee wa Khairiya. Wakashikana mikono, wakaelewana. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe Silima aliishona bure.

Kosa la kwanza lilikuwa lake, na hilo hakulikataa. Miezi minne nyuma mchuzi wa pweza ulizidi chumvi. Silima akapandwa na hasira, akasema ya kusema, akajuta kabla hajanawa mikono. Tangu hapo chakula hakikumpita vizuri. Sasa alitaka neno moja tu kutoka kinywani mwa Nyange. Nyange akilisema, kila kitu kitaanza kurudi mahali pake.

Wale wawili wakashuka mnarani. Khairiya ndiye aliyemwona kwanza. Hakushtuka, na hilo lilimuuma Silima kuliko kile kicheko. Aliivuta kanga tu, akajifunika vizuri, kama afanyavyo mwanamke akikutana na mwanamume wa kando.

"Asalaam alaykum, Bwana Silima," Nyange alisema.

Silima aliitikia kwa shida. "Siku tatu, Nyange. Tulikubaliana siku tatu. Leo ya ngapi?"

"Ya kumi na moja. Nazihesabu."

"Basi sema. Hapa hapa, n'sikie."

Nyange aliliangalia guu lake fupi. "N'seme n'ni?"

"Walijua weye neno lenyewe." Silima akamsogelea. "Mwanamke huyu wangu mie. Hebu jitazame, Nyange. Nani angekutaka weye, kama si mie niliyekuleta?"

"Hakuna," Nyange alijibu kwa upole. "Ndiyo maana nakuombea dua kila nikisali."

Silima akamwacha, akamgeukia Khairiya. Sasa hakuwa na hasira tena, alikuwa na hofu.

"Chwende, Khairiya. Yule pweza n'shamsahau."

"Mie s'jamsahau." Khairiya alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno yake siku nyingi. "Kwa pweza yule ulinipa talaka tatu, Silima. Ukataka kunirudia, ukaambiwa haifai mpaka niolewe na mwengine kwanza, naye aniache. Ukazunguka Pemba nzima ukatafuta mwanamume ambaye s'tampenda, ukamshonea na kanzu ya harusi."

Akaushika mkono wa mumewe.

"Hilo neno ulilolijia, n'shamwomba asiliseme."